Kabla Hujakizungusha Kijiwe Chako

We Kasumaku!

Najua utacheka. Mtu mzima, kesho anapanda treni akadake ndege ya kumrudisha ng'ambo kusomea udaktari wa fizikia, na mama yake bado anamwita Kasumaku. Cheka tu. Uko kwa Mama Rehema unasukwa rasta ndogondogo, na yule mama akishika kichwa cha mtu hakiachii mpaka jua lizame, kwa hiyo nimejipa nafasi hii hii. Nikisema niongee na wewe uso kwa uso nitaanza kukatiza maneno, nitasimama, nitakwenda kuchungulia sufuria. Unanijua. Kalamu angalau inanikalisha chini.

Mambo ya sweta, ya kula, ya kunipigia simu ukifika, hayo nitakupigia kelele stesheni asubuhi mbele ya watu, na utaona aibu. Hapa naandika jambo moja tu. Juzi tunakula ukaniuliza, "Mama, wewe ungefanya nini?" Na mimi nikakujibu, "Ongeza mlenda."

Lile halikuwa jibu. Tangu siku ile nafanya kazi nakosea. Jana nimefunga feni ya mtu panga zikatazama nyuma.

Ngoja kwanza nikuambie nilivyoelewa mimi, ili usiseme mama ameshauri kitu asichokijua. Ulipokuwa mdogo nilikupa sumaku ya spika iliyopasuka. Ukawa unaiburuta kwenye mchanga wa korongo kule nyuma, inatoka na ndevu nyeusi, ndipo jina lako lilipotoka. Ukaniuliza zile ndevu ni nini, nami nilikuwa nimebana bisibisi kwa meno, nikasema, "Kutu." Basi. Ukakaa na jibu hilo miaka. Mara ya kwanza ulipokwenda huko kwenye baridi, yale mafunzo ya muda mfupi, ukanipigia simu usiku unapiga kelele: "Mama! Unakumbuka ile kutu? Ndiyo kazi yangu! Ni ukoo huo huo!" Chuma au metali nyingine ikishikana na oksijeni, ikajipanga vizuri, inakuwa kijiwe. Fuwele, unavyoita wewe. Na kijiwe chenyewe kina usumaku.

Halafu uliporudi ukanimwagia karanga kwenye sinia. Hiyo siku nilifurahi, jamani! Ukasema, "Mama, kila atomu ina wingu la elektroni, na hili wingu si duara. Ni refu kama karanga." Ukatikisa sinia, karanga zikalala ovyo, hii huku hii kule. "Hivi ndivyo zilivyo kijiwe kikiwa na joto." Ukaacha kutikisa, ukazipanga moja moja: hii imelala kwa urefu, jirani yake kwa upana, inayofuata kwa urefu tena. "Kikipoa sana, zinajipanga zenyewe hivi. Hakuna anayezipanga." Nikakuuliza, sasa mtu anaionaje karanga ambayo darubini haifiki? Ukasema ndani ya kila atomu kuna kiini, na kiini ni kisumaku kidogo. Kiweke ndani ya sumaku kubwa, kipigie wimbi la redio, kitajibu. Na masafa kinayojibia yanasogea kidogo kutegemea karanga imelalia upande gani. Kwa hiyo nyie mnakaa hapo kama watu wanaotafuta stesheni ya redio kijijini, mnasikiliza. Mnaiita NMR. Nikaielewa! Mimi niliyeacha shule kwa mimba, nikaielewa kwa karanga, halafu tukazila.

Hata ile koili ya waya uliyosuka mwenyewe kuzungushia kijiwe, ukanitumia picha, nilikuambia mizunguko imepandana. Ukaisuka upya. Usikatae.

Sasa kitu chenyewe. Kijiwe kikiwa na joto mnapata mstari mmoja kwenye kompyuta. Kikipoa mstari unagawanyika miwili, kwa sababu karanga zimelala kwa namna mbili. Hivyo ndivyo profesa wako alivyoandika kwenye makala ambayo kikundi chenu kinakaribia kuituma. Lakini wewe umeona wa tatu. Mdogo, pembeni, kama kovu. Ukamwonyesha, akasema ni uchafu, kitu kingine kimeota pamoja na kijiwe. Na kama si uchafu? Basi karanga hazijalala anavyosema yeye, na makala yote imekaa vibaya.

Njia ya kujua ipo. Kizungushe kijiwe ndani ya sumaku. Ule mstari mdogo ukitembea kila unapokizungusha, ni wa kijiwe chenyewe. Ukikaa pale pale bila kujali, ni uchafu. Rahisi! Ila kimegundishwa kwenye kishikio chake, hakizunguki mpaka kibanduliwe, kina ufa mwembamba tayari kwa kupozwa na kupashwa, ni kimoja tu cha ukubwa ule, na yule mwenzenu aliyekiotesha kwenye tanuru alikaribia kuugua kwa kazi hiyo. Profesa amesema kisiguswe mpaka makala itoke. Na wiki utakayofika wenzako wanakwenda likizo, utabaki na funguo za maabara wewe.

Hapo ndipo ulipouliza, na mimi nikakuongezea mlenda.

Nikuambie ya mota ya Busi. Unajua nusu yake, ile nusu ninayowachekeshea watu.

Nilikuwa nimeanza kusuka mota, kuzitia koili mpya za waya, muda si mrefu. Hakuna aliyenifundisha, unajua hivyo. Nilinunua mota zilizoungua kwa watu wa vyuma chakavu, nikazikata, nikahesabu mizunguko, nikachora, nikaangalia video mpaka bando likate. Fundi Daudi alinipa kona kwenye banda lake pale Majengo, kwa kunionea huruma na kwa sababu nilikuwa namfagilia sakafu. Wewe ulikuwa unalala chini ya meza kwenye boksi la feni. Baba yako alishakwenda zake machimboni. Halafu siku moja nikagundua tatizo kwenye mota ya mashine ya kusaga ambalo Fundi Daudi mwenyewe hakuliona. Kwa sauti tu! Wateja wakaanza kuniita Mama Masikio. Mwanangu, lile jina liliniharibu. Nilitembea kama niliyepewa cheo.

Ndipo Mzee Salimu akaja kutoka Busi, yule mzee wa kamati ya maji, na mota ya pampu ya kijiji nyuma ya pikapu. Kiangazi kimeshika. Nikaisuka vizuri, nikaipaka vanishi, ikakauka. Tunaijaribu: inazunguka kama kawaida. Lakini nyaya zake tatu zinatakiwa zivute umeme sawa, nami nikipima naona mmoja unavuta zaidi ya wenzake. Kidogo tu. Kama mstari wako.

Fundi Daudi akatupa jicho. "Umeme wa hapa huo, Mama Nyemo. Haujakaa sawa tangu wiki jana. Mfungie mzee aende."

"Hapana Fundi, ni koili. Naisikia."

"Unaisikia! Haya, Mama Masikio, imekuambia inaitwa nani?"

Watu wakacheka. Mzee Salimu naye akatabasamu kidogo, kistaarabu. Na kile kicheko, Nyemo, ndicho kilichokata zile koili. Si koleo. Nilikuwa msichana kwenye banda la wanaume, na mzee anatabasamu, na mimi nina uhakika! Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Nikachukua koleo, mbele yao wote, nikaifungua kazi yangu mpya. Vanishi ikishakauka, koili haifunguki ikarudi. Unaiua. Nikaiua.

Ndani hamkuwa na kitu. Safi. Nimewahi kusuka mota nyingi tangu siku ile na sijaisuka nyingine safi kama ile.

Mzee Salimu akachuchumaa, akachungulia kama mtu anayechungulia kisima. "Umeona nini humo, mwanangu?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Basi irudishe kama ilivyokuwa."

"Hairudi, mzee."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alivua baraghashia, akajifuta kichwa, akairudisha. Akasema, "Sawa. Nitawaambia wasubiri." Waya wa saizi ile ulikuwa umeisha mjini, ukafuatwa mbali, na muda wote huo wanawake wa kule walikuwa wanachimba mchanga wa mto kwa mikono kutafuta maji. Nilijua, kwa sababu kila aliyepiga simu kutoka Busi aliniambia, kwa upole tu. Shikamoo nilikuwa nawapa wao, na wao wananiambia pole na kazi. Pole na kazi!

Nilipoisuka tena, nikapima: waya ule ule, unavuta zaidi vile vile. Fundi Daudi akaja. Akazima, akachomoa nyaya tatu, akazihamisha: wa kwanza akauweka kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu kwa wa kwanza. Akawasha. Mota ikazunguka upande ule ule, maana zote tatu zimehama pamoja. Akanipa kipimo. Tatizo lilibaki upande wa ukuta, umeme unakotoka. Halikuhama na mota. Kama ni la mota, linahama nayo. Kama ni la ukutani, linabaki ukutani. Dakika chache, bisibisi moja, hakuna kilichokatwa.

"Ungeniuliza," akasema. Basi.

Sasa unaona kwa nini ulipokuwa unanieleza habari ya kuzungusha kijiwe nilisimama kwenda jikoni? Nilikuwa nimeshika tonge mkononi nikaona banda zima. Ni kitu kile kile! Unachotaka kukifanya wewe ndicho ambacho mimi sikukifanya. Ningepaswa kuruka juu nikuambie zungusha, zungusha leo leo! Lakini mimi kuhamisha nyaya hakukunigharimu kitu. Wewe kuzungusha ndiko kunakoweza kukipasua. Kwako kupima na kuvunja vimekaa mkono mmoja. Hapo ndipo somo langu linaponiishia mkononi.

Na nisikudanganye kwamba niliponyooka ndipo mambo yakanyooka. Kuna ile pampu ya shamba la zabibu kule Zuzu. Hiyo hujawahi kuisikia. Niliisuka mwenyewe, nikapima, waya mmoja unavuta zaidi. Safari hii nikahamisha nyaya kama mtu mwenye akili. Tatizo likahama na mota. Langu. Koili yangu mwenyewe imekaa vibaya. Mwenye shamba amekaa kwenye gari anapiga honi, zabibu zinakauka, na Fundi Daudi ananong'ona, "Ni kidogo hiyo, mama. Itavumilia." Nikaenda dirishani kwake nikamwambia: bosi, nimekosea, niachie niisuke upya.

Akanitazama kama nimemtukana. "Yaani umekosea halafu unataka ukae nayo tena?" Akaipakia vile vile ilivyo, akaondoka, akawaambia wenzake wa mashamba yote kwamba yule mama hajui kazi. Na ile mota mpaka leo inapiga mzigo! Nikipita Zuzu naisikia kutoka barabarani, inaimba. Kila nikiisikia najiuliza itaungua lini. Au haitaungua. Au Fundi Daudi alikuwa sahihi tena, na mimi nilijichoma bure kwa sababu ya Busi. Sijui, mwanangu. Miaka yote hii sijui, na bado nikipita pale nashusha kioo cha gari nisikilize.

Kwa hiyo una mama aliyewahi kupasua kitu kizima kwa uhakika, na aliyewahi kusema ukweli ukamla. Utachagua yupi akushauri?

Kuna jingine, na hili naandika haraka kabla sijajirudi. Ushauri wangu si msafi. Kuna kipande cha moyo wangu kinasema nyamaza, mama, acha ule mstari, tuma makala, upate udaktari wako, urudi nipite nao sokoni Majengo nikiutangaza kama muuza nyanya. Na kuna kipande kingine, kibaya zaidi, kinataka ukizungushe kile kijiwe kipasuke, wakufukuze, urudi ulale tena kwenye chumba chako. Vyote viwili ni vyangu, na hakuna hata kimoja kinachojali karanga zimelala vipi. Ndiyo maana niliongelea mlenda. Niliogopa kufungua mdomo nikasikia ni kipi kinachoongea.

Halafu leo asubuhi nikaingia chumbani kwako kuchukua begi.

Nimeviona, Nyemo. Pale dirishani. Vipande vya chumvi ya mawe umevigundisha na supaglu juu ya visoda vya chupa, na ile chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, wewe ambaye hujawahi kupaka rangi kucha. Vingi vimepasuka. Viwili vizima. Mwanzoni sikuelewa, nikadhani ni mchezo. Halafu nikakaa kitandani. Kumbe unafanya mazoezi ya kukibandua kijiwe! Kumbe mkono wako umeshaanza kujibu wakati mdomo bado unaniuliza mimi.

Na unanijua nilivyo. Nikajaribu na mimi. Nimechukua kipande, nikakigundisha, kikakauka, nikakimiminia ile dawa ilegeze gundi, nikasubiri kidogo, nikakisukuma kwa kucha. Pa! Vipande viwili. Nikajaribu kingine, nikasubiri zaidi, nikaona gundi imekuwa nyeupe, nikasema tayari. Pa! Nilikasirika nikamtukana supaglu. Nikakumbuka vile viwili vyako vizima na nikajiuliza ulivitoaje. Ulisubiri muda gani? Ulikisukuma, au kilijiachia chenyewe? Siku ulipokuwa unafanya hivyo mimi nilikuwa chumba cha pili napiga nyundo, na hukuniambia nipunguze kelele.

Nataka uniambie pia kama huyo profesa umemwambia. Si kuhusu mstari, huo umeshamwonyesha. Umemwambia kwamba umejifunza kukitoa bila kukivunja? Maana Fundi Daudi aliniambia "ungeniuliza," na mpaka leo sijui kama ningemuuliza angenijibu au angenicheka tena. Huenda profesa atakataa, na hapo utakuwa umefunga mlango kwa mkono wako mwenyewe. Huenda atakuja kusimama karibu na wewe ukikitoa. Ukimwambia, unaweza kunyang'anywa funguo. Usipomwambia kikapasuka, utachuchumaa mbele ya yule aliyekiotesha, akuulize umeona nini humo. Nimewahi kukaa pale. Ile baraghashia inayovuliwa na kurudishwa, hutaisahau.

Na usipokigusa kabisa, kila utakapoona ile makala imetajwa mahali, utashusha kioo usikilize.

Jua limeshuka kwenye ukuta wa jirani, nasikia kule nje watoto wanasema "dada Nyemo kasukwa!" Kwa hiyo unakuja. Nimalizie.

Nilipoanza kuandika barua hii niligundisha kipande cha mwisho cha chumvi, kikubwa kuliko vyote, chenye ufa katikati. Nilikitafuta hicho makusudi. Nikakitia kwenye kifuniko, nikamwaga dawa, na nikajiambia sitakigusa mpaka nimalize kukuandikia. Kiko hapa mbele yangu. Nimeongeza dawa kila ilipokauka. Gundi imeshakuwa nyeupe pembeni zote, katikati sioni. Naweza kukisukuma sasa hivi. Kidole kinaniwasha, mwanangu, unanijua! Naweza pia kukiacha mpaka uingie, nikuonyeshe, unicheke. Lakini ukiingia utaanza habari za begi, na kesho ni treni, na nitakuwa sijajua.

Nasikia geti. Kidole changu kiko juu yake, sijabonyeza.

Kasumaku, ungekuwa wewe hapa nilipokaa, ungefanya nini?

Mama yako